Zamu ya Mwisho Bwawani

Paukwa! Nyie wa nyuma, mbona kimya? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kiangazi kilipokaza, nchi ya wanyama ilibaki na bwawa moja. Desturi ilikuwa hivi: mkubwa anatangulia. Tembo anaingia, chubwi! Nyati anaingia, chubwi! Wanakunywa, wanaoga humohumo. Wadogo wanaachiwa tope. Kalunguyeye peke yake, mdogo vile, alikunywa pamoja na Tembo, kwa heshima ya uganga wake.

Akaja Digidigi na mwanawe. "Bibi mganga, anahara tena."

"Mara ya tatu hii. Dawa ulimpa?"

"Nilimpa, asubuhi na jioni."

"Uliikoroga kwa maji?"

"Kwa maji ya zamu yetu."

Mtoto macho yamezama, shingo haisimami. Kalunguyeye akawapa mzizi mwingine, wakaenda. Lakini roho ikakataa kutulia. Akakaa, akainuka. Akaenda, akarudi. Mwisho akawafuata bwawani, chakacha, chakacha. Akamkuta Digidigi anakoroga dawa kwenye tope lenye mavi ya Nyati. Aibu ikamshika Kalunguyeye. Miaka yote ya uganga wake, hakuwahi kuyaona maji ya mwisho.

Mbio kwa Tembo. "Mzee, waache wadogo watangulie."

"Wewe kazi yako mizizi. Zamu niachie mimi."

"Basi nami nitakunywa kwa zamu yao."

Tembo akacheka.

Siku ya kwanza Kalunguyeye akanywa tope. Ya pili akanywa. Ya tatu Nyati akaja anachechemea, mwiba umezama kwatoni. "Mganga yuko wapi?"

"Kichakani," akajibu Digidigi. "Anahara."

"Si ajitibu?"

"Mganga hajigangi. Na ajitibu kwa maji gani?"

Siku ya nne mguu wa Nyati ukavimba, akalia mpaka Tembo akakosa raha. Siku ya tano Tembo akaamuru wadogo watangulie. Wakanywa wote, wakaondoka, na Tembo hajamaliza hata kupiga miayo.

Mwana wa Digidigi akanywa maji meupe, akapona. Kalunguyeye naye akapona, akamtoa Nyati mwiba. Mwana wa Panya, aliyehara vilevile, hakuyawahi. Walimzika jana yake.

Ndiyo maana Kalunguyeye hatulii mpaka leo. Ukimwona anahangaika huku na huku, ananusa ardhi, anatafuta nani kanywa mwisho.

Sikieni, wakubwa kwa wadogo: dawa haimponyi anayenyweshwa tope, na mganga asiyejua mgonjwa wake anakunywa nini, anajisumbua bure.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mabega na aibebe.