Orodha Imetimia

Mtu mmoja alikuwa na hoteli ufukweni, na boti ya kuwatembeza wageni. Jina lake Mwachiro. Kila asubuhi boti iliwapeleka wageni penye matumbawe, wakavaa miwani ya kuzamia na vibomba vya kupumulia, wakalala juu ya maji wakitazama samaki. Adhuhuri walishushwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, mahali panapoonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Hapo walikuta chakula tayari.

Chakula hicho alikipika Bi Mwanarusi. Alishushwa hapo mapema, yeye na jiko la mkaa na sufuria zake, akapika peke yake juani mpaka boti irudi. Hakujua kuogelea. Miaka saba alifanya kazi hiyo, na siku zote alipanda boti mwisho, bila kuitwa. Kwenye karatasi ya safari, ambayo Mwachiro aliiandika kwa mkono wake kila siku, jina lake halikuwamo. Karatasi ile ilikuwa ya wageni.

Siku moja walikuja wageni kumi na wawili kutoka bara, watu wa kanisa moja. Waliogelea mpaka wakachoka. Mmoja wao, mwalimu aliyeitwa Tabitha Kanini, alitoka majini akitetemeka. Bi Mwanarusi akavua leso aliyojitanda, akamfunika.

"Kaa karibu na jiko, mwanangu," alimwambia. "Utanirudishia tukifika."

Kabla ya kula, mzee wao wa kanisa alisimama akaomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa bahari, kwa pweza, kwa nazi, kwa jua na kwa afya. Bi Mwanarusi alikuwa nyuma yake ameshika upawa, akingoja amalize ili apakue.

Walipomaliza kula mawingu yalikuwa yametanda. Nahodha Shee aliona mvua inakuja, akawahimiza wageni wapande. Bi Mwanarusi alikuwa upande wa pili wa fungu, nyuma ya turubai, akisugua sufuria kwa mchanga. Mvua ilishuka kwa kishindo, hakusikia injini. Shee akatoa karatasi, akasoma majina kumi na mawili, yote yakaitikiwa. Wakaondoka.

Hotelini wageni walipewa taulo kavu na chai ya tangawizi. Mwachiro alisimama mlangoni akimuuliza kila mmoja kama amefurahi. Tabitha alibadili nguo, akachukua ile leso, akaenda nayo jikoni. Jikoni wakamwambia kwamba Bi Mwanarusi alikuwa pamoja nao kwenye boti. Akatoka mbio katika mvua mpaka gatini, Shee akiwa anamalizia kufunga kamba.

"Mama aliyetupikia yuko wapi?"

"Orodha imetimia, madam," Shee akasema. "Nimeisoma mwenyewe."

Alipomaliza kusema hayo, uso ulimbadilika. Akaanza kuifungua kamba. Tabitha akaingia botini bila kuambiwa, wakaenda.

Fungu lilikuwa limekwisha kufunikwa. Bi Mwanarusi alikuwa amesimama pale alipodhani ndipo juu zaidi, maji yamemfika kifuani, amekumbatia sufuria kubwa aliyoifudikiza ili imsaidie kuelea. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka. Walipompandisha hakuweza kuiachia ile sufuria. Ilibidi Tabitha amkunjue vidole kimoja kimoja.

Mwachiro aliambiwa yote. Jioni ile hakwenda jikoni. Lakini asubuhi, kwenye karatasi mpya ya safari, chini ya majina ya wageni, alikuwa ameongeza mstari: *Sufuria kubwa mbili, ndogo nne, jiko moja. Vihakikiwe kabla ya kuondoka.* Maana sufuria nyingine zilikuwa zimechukuliwa na maji. Hakuongeza jina la mtu.

Bi Mwanarusi aliomba asomewe karatasi ile. Shee akamsomea, macho yake chini. Bi Mwanarusi akavua aproni, akaiweka juu ya meza, akaenda kwao.

Boti ikangoja. Saa ya kumpeleka mpishi ikapita. Ndipo Mwachiro akatoka ofisini, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akauliza, tena kwa ukali, "Mwanarusi yuko wapi?"

Naona mmemkasirikia Mwachiro, na mna haki. Mimi pia nimemkasirikia. Lakini waliokula wakashiba siku ile walikuwa kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao walikaa wakanywa chai. Kwa hiyo sitawauliza habari za Mwachiro. Nakuuliza wewe: nyumbani kwako ni nani ambaye akikosekana leo, utaona njaa kwanza ndipo umkumbuke?