Kwa Nini Simu Huomba Ruhusa Kwanza

Kabla simu hazijajifunza kuomba ruhusa, huko Ulaya kwenye baridi, karani wa mji alipiga hodi nyumba kwa nyumba, akauliza habari za watu, akajibiwa, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza ya nini.

Siku moja alipiga hodi kwa Liesbet, mama mshona nguo. Viazi vilikuwa motoni. Karani alitaka kujua dini za waliomo humo ndani, ili kila mtu akifa azikwe kwa desturi za kwao. Nia njema kabisa. Liesbet akajibu harakaharaka, akamjibia hata Roza, mpangaji wake Myahudi ambaye hakuwepo, kisha akakimbilia viazi vyake.

Miaka ikapita, vita vikaja. Waliouteka mji walikuwa wakiwawinda Wayahudi wawaue, wala hawakuhangaika kuwatafuta. Walifungua kabati la karani, wakaujua mlango wa kila Myahudi. Roza akachukuliwa asubuhi kweupe, asirudi tena. Binti yake mchanga, Mirjam, Liesbet akamficha, akamlea kama wa kumzaa. Lakini uchungu wa jibu lake la haraka haukumtoka.

Amani iliporudi, karani mpya akapiga hodi, kijana mwenye adabu zake, akauliza dini ya yule mtoto. Liesbet akasimama katikati ya mlango.

"Kwanza niambie unataka kujua ya nini, na nani atasoma baada yako," alisema. "Na jina la Roza, mama yake, lifuteni katika vitabu vyenu."

Karani akasema ni utaratibu tu. Liesbet akatishiwa kunyimwa mkaa wa majira ya baridi, na kweli akanyimwa. Akavunja viti vyake akavichoma, na jibu hakutoa. Majirani wakamletea kuni, nao wakaanza kuwauliza makarani ya nini. Wakubwa walipoona milango yote imekuwa migumu, wakaweka sheria: anayetaka habari za mtu aombe, aseme ni za kazi gani, na akiambiwa afute, afute.

Simu zilipokuja, wajanja wenye makampuni wakazihamishia habari za watu ng'ambo ya bahari, wakidhani wameiponyoka sheria. Mirjam, sasa mtu mzima, akashupaa kama mlezi wake, mpaka sheria ikapewa miguu ya kumfuata mwenye kuzishika habari hizo popote alipo.

Na tangu siku hiyo, hata huku kwetu Singida, ukifungua simu kutazama matokeo ya mpira, kwanza utaulizwa kama unakubali habari zako zichukuliwe. Nasi kwa pupa zetu tunabonyeza "nakubali" bila kusoma hata neno moja. Ndivyo alivyojibu Liesbet, siku ile ya viazi.