Bi Lubaba na Wito wa Kadhi

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mjane akiitwa Lubaba bint Hayyan, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Mwaka wa homa kubwa alifikia kuosha maiti tatu kwa siku, akirudi kwake vidole vimekunjamana kwa maji na mgongo hauinuki.

Mwaka huohuo shemeji yake Dhamra, mdogo wa marehemu mumewe, alimshtaki kwa kadhi. Alidai kwamba nyumba anayokaa mjane yule kaka yake alimpa yeye iwe hiba, yaani zawadi, kabla hajafa. Mjumbe wa kadhi, mzee aitwaye Nufayl, akaenda hadi mlangoni kwa Bi Lubaba akamtajia siku: Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Naye akamjibu, "Nimesikia."

Alhamisi ilipofika, aliosha maiti mbili tangu alfajiri. Akarudi, akaoga kama ilivyo sunna kwa aliyeosha maiti, akavaa nguo safi za kwendea barazani, kisha akakaa kidogo mkekani apumzishe miguu. Alipofumbua macho, watu walikuwa wakitoka kuswali alasiri.

Barazani jina lake lilikuwa limeitwa mara tatu, na mara zote hapakuwa na wa kujibu. Sheria ikafuata njia yake. Dhamra alileta shahidi mmoja, akakamilisha kwa yamini, yaani kiapo, na hukumu ikatolewa juu ya mtu aliye ghaibu. Bi Lubaba hajamaliza kuvaa viatu, watu wa kadhi wakabisha hodi, wakamtoa nje na kuutia mlango muhuri wa udongo. Hakupiga kelele. Nguvu ya kupiga kelele alikuwa hana.

Akahifadhiwa na jirani yake, Bi Umaima, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi mwepesi.

"Mwenzangu, mbona jambo lenyewe dogo?" akamwambia. "Nenda ukaseme mjumbe hakukufikia. Mlikuwa wawili tu pale mlangoni, nani atakupinga? Kesi itaanza upya."

"Na Nufayl je?"

"Watamfukuza kazi. Mzee yule ameshakula chumvi nyingi, wacha apumzike."

Bi Lubaba, tusimpambe kuliko alivyokuwa, aliufikiria uongo ule siku mbili nzima. Nyumba ile ndiyo yote aliyoachiwa duniani. Tena aliona haya. Angekuwa ameugua, au muda ule yuko mbele ya maiti, angalau angekuwa na la kusema mbele za watu. Lakini kulala! Mwishowe alichoka hata kufikiri, akatawadha, akaenda.

Kadhi naye alikuwa amechoka. Tangu asubuhi watu watano walikuwa wamemwapia kwamba mjumbe hakuwafikia.

"Nawe," akauliza, "wito ulikufikia?"

"Ulinifikia, ewe kadhi. Nufayl alinitajia siku na wakati."

"Nini basi kilichokuzuia?"

"Usingizi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nufayl, aliyesimama kando ya mlango, hakucheka. Aliinamisha kichwa akamshukuru Mola wake kimoyomoyo.

"Huna udhuru mwingine?"

"Sina. Nilichoka, nikalala. Kosa ni langu."

Kadhi akasema, "Usingizi haunipi ruhusa ya kutengua hukumu. Lakini aliyehukumiwa akiwa ghaibu, haki yake ya kujibu haimpotei. Unalijibu nini dai la shemeji yako?"

"Mume wangu hakumpa hiba hiyo. Shahidi sina."

Hapo kadhi akamgeukia Dhamra, aliyekuwa amesikia habari akaja barazani. "Yamini yako ya Alhamisi uliitoa mbele ya mahali patupu. Leo mwenyewe yupo. Irudie mbele yake."

Dhamra akainua mkono. Alikuja amejiandaa kupambana na uongo wa mwanamke, na kwa uongo alikuwa na majibu tele. Bi Lubaba akamtazama bila hasira, kwa macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi siku nyingi.

"Apa, shemeji, kama unajua ni kweli," akasema taratibu. "Ukiapa, nitakwenda zangu. Sitakulaani. Na mkeo akitangulia kufa, niite, nitamwosha."

Mkono wa Dhamra ukabaki juu muda mrefu. Kisha ukashuka.

"Siwezi," akasema. "Siku ile niliweza kwa kuwa sikumwona."

Kadhi akaamuru muhuri ubanduliwe kabla ya swala. Bi Lubaba akaingia nyumbani mwake, na wanasema alilala hadi kesho yake.

Enyi ndugu, sisi sote tumeshapelekewa wito wa baraza moja ambalo hakuna wa kulikosa, na huko hatutaulizwa kama tulichoka. Mwenyezi Mungu atujaalie siku hiyo tuweze kusema, kama mja wake huyu, "Kosa ni langu," na atusamehe. Amin.