Siku Mihayo Alipouona Mzinga

Katika nchi ya miombo alikuwepo mrina asali aitwaye Mihayo, mtu mwenye mizinga sitini ya magogo iliyoning'inia juu ya miti. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Alirina usiku, kwa mwenge wa magome, maana nyuki wa nchi ile ni wakali. Alichoma, akatia mkono, akakata kila alichokipapasa: masega ya asali na masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, yote pamoja. Nyuki waliosalia walihama. Mwaka uliofuata walikuja wengine, naye akafanya vilevile. Hakuna aliyemwona mjinga. Alikuwa hodari kuliko warina wote, na makovu ya moto mikononi mwake yalikuwa heshima yake.

Ikafika miaka ambayo mizinga iliwekwa na nyuki hawakuja. Kwanza kumi ikakaa mitupu, kisha thelathini. Watu walisema ni mvua. Wengine walisema ni uchawi.

Ndipo chama cha warina kikaleta mizinga ya sanduku, mmoja kwa kila mwanachama, pamoja na mwalimu wa kueleza matumizi yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na fremu za mbao ambazo nyuki hujenga masega juu yake, na mtu anaweza kuinua moja akaziacha nyingine. Mihayo alichukua lake kwa sababu wenzake walichukua. Darasani hakuingia. Alimwambia mwalimu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nyuki nimewajua kabla mama yako hajaolewa." Akalipandisha sanduku juu ya mti, na msimu ulipofika akapanda na mwenge, akaingiza kisu, akakata kila kitu. Fremu zikavunjika. Nyuki wakahama. Akatangaza kwamba sanduku halifai, na kwa kuwa aliyesema ni Mihayo, wengi waliamini, wakayageuza masanduku yao kuwa viota vya kuku.

Mdogo wake Mihayo alikuwa amefariki, na sanduku la marehemu likakabidhiwa mjane wake, Kalunde. Wanawake wa nchi ile hawakukwea miti, kwa hiyo Kalunde hakuwahi kugusa mzinga maishani mwake. Hakuwa na la kusahau. Alikaa darasani siku zote tatu. Akaliweka sanduku juu ya nguzo mbili, usawa wa kifua chake, akashona kofia mbili zenye chandarua. Nyuki wakaingia. Akangoja. Lakini siku ya kurina ilipofika hofu ikamshika, akamwendea shemeji yake aje amsimamie.

Mihayo alikuja alasiri, jua bado linawaka, akicheka kidogo, mwenge mkononi umekwisha kuwashwa. Kalunde alimtazama, akasema, "Shemeji, zima moto kwanza."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Lakini, labda kwa ajili ya marehemu ndugu yake, aliupiga mwenge mchangani ukazimika, akavaa kofia aliyopewa.

Kalunde akapuliza moshi laini wa kuwatuliza nyuki kutoka kwenye bomba alilopewa darasani, mara tatu tu. Akangoja. Akafunua kifuniko, akainua fremu moja ya katikati, taratibu, kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala, akaielekeza kwenye jua.

Mihayo akaona. Walikuwa maelfu, wameshikana miguu kama mnyororo, wakining'inia hewani, wala hakuanguka hata mmoja. Aliona vijumba vya nta, vyote vya pembe sita, vyote sawa, na hakuna fundi aliyevipima. Ndani ya vijumba yalisimama mayai membamba kama uzi. Kando yake majana meupe yamejikunja, na nyuki wakiingiza vichwa kuyalisha. Akamwona malkia akipita, mrefu, bila haraka, na kila alipopita nyuki walimgeuzia nyuso. Kisha, mbele ya macho yake, kifuniko kimoja cha nta kikatoboka. Kikatokea kichwa, cha kijivu, chenye manyoya yaliyolala. Nyuki mchanga akajivuta nje, akajifuta uso kwa miguu ya mbele, akageuka, akaanza kukisafisha kijumba alimozaliwa.

Mzee yule akapiga magoti. Miaka arobaini alikuwa amekula kutoka katika nyumba ile, na hakuwahi kuiona. Aliitazama mikono yake, maana kila msimu, gizani, ndiyo iliyopita humo. Akalia, na hakujificha.

Kalunde akatoa fremu tatu za pembeni zilizojaa asali, akawaachia nyuki fremu zote zilizobaki, akafunika. Nyuki hawakuhama. Walirudi kazini.

Siku ya tatu Mihayo alipiga hodi kwa Kalunde akiwa amelibeba sanduku lake lenye fremu zilizovunjika. "Shemeji," alisema, "nimekuja darasani." Akaketi chini. Warina wenzake walipita wakamcheka, naye akawaacha wacheke. Mwaka wa pili mmoja wao akaja akaketi karibu naye, kisha mwingine, na masanduku yakaanza kutolewa kwenye mabanda ya kuku. Miti mingi ya Mihayo ilibaki bila nyuki mpaka alipokufa, na hakumlaumu mtu kwa hilo.

Nawauliza ninyi mliobobea katika kazi zenu, ninyi mnaopokea vyombo vipya kila mwaka na kuvitumia kwa mkono uleule wa zamani: ni nani kati yenu atakubali kuketi chini tena, akafundishwa?