Gitaa la Sabuni ya Mche

Hapo zamani za kanda, zamani isiyo mbali sana, wakati mtu akitaka kuusikia wimbo tena anairudisha kanda nyuma kwa kalamu ili asimalize betri, palikuwa na binti wa Muheza akiitwa Stumai Kibwana. Alitunga nyimbo mwenyewe, akaziimba mwenyewe, kwa gitaa lenye ufa ulioungwa kwa gundi. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na atakayesinzia mimi simrudishii nyuma.

Kabla hajaenda Dar es Salaam na picha yake kubandikwa ukutani, Stumai alikuwa na nyimbo saba tu. Kulikuwa na "Stesheni Haina Treni". Kulikuwa na "Jirani Punguza Redio", ambao jirani mwenyewe aliupenda. Na kulikuwa na "Sabuni ya Mche", aliomtungia mama yake, Bi Mwanamvua, aliyefua nguo za watu ili watoto wake wasome. Nyimbo hizo alizirekodi mara moja, kwenye duka la kanda pale mjini. Mwenye duka akampa nakala moja, kisha kwenye kanda yake mwenyewe akarekodi taarabu juu ya nyimbo zile. Ikabaki kanda moja tu duniani, na hiyo Stumai akampa Mzee Mndolwa, fundi cherehani aliyemshonea gauni lake la kwanza la jukwaani.

Miaka ikaenda. Stumai akatunga nyimbo nyingine sabini, zenye vinanda na matarumbeta, na zile saba zikamtoka kichwani, hata kanda yake alimpa nani akasahau. Msimlaumu. Nanyi mtaje majina ya wote mliosoma nao darasa la kwanza, tuone.

Bi Mwanamvua naye akazeeka, mguu ukamkatalia kutoka nje, akabaki na redio yake kitandani. Siku moja Stumai alipokuja kumwona, mama akamwambia, "Mwanangu, niimbie wimbo wangu wa sabuni."

Stumai akachukua gitaa, akakohoa, akafungua mdomo. Hakuna kitu. Alikumbuka kwamba ndani ya wimbo kulikuwa na povu, basi. Mama akasema si neno, labda siku nyingine, akageukia ukutani. Stumai aliumia kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kesho yake akaenda redioni, akatangaza mbele ya nchi nzima kwamba atakayemrudishia wimbo wa mama atapewa gitaa lile lile alilotungia.

Wakaja watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mndolwa na kanda yake, ameifunga kwenye kitambaa cha satini. Kwa miaka ishirini na miwili aliitunza kwenye droo ya cherehani, asimwazime mtu, hata shemeji yake. Wakaiweka kwenye redio kaseti. "Stesheni Haina Treni" ukalia safi. "Jirani Punguza Redio" ukalia safi. Ulipofika "Sabuni ya Mche", gitaa likaanza vizuri, tuni yote ikasikika, lakini sauti ya Stumai ikawa inazama na kuibuka, neno moja lipo, matano hayapo. Ndio wimbo alioupenda kuliko yote. Ndio alioucheza na kuurudisha, kuucheza na kuurudisha, mpaka redio ikaula. Mzee wa watu aliupenda mpaka akauharibu.

Wa pili alikuwa Bi Hidaya, mpishi wa shule, na daftari lake la usichana. Mnayajua madaftari yale, yenye maua ya kalamu nyekundu pembeni na maneno ya nyimbo ndani. Alikuwa akikaa kibarazani kwa Mzee Mndolwa, anasikiliza dirishani, anaandika mstari, anasubiri mzee airudishe kanda, anaandika mwingine. Ilimchukua miezi miwili. Maneno yote yalikuwamo, beti zote nne. Lakini Bi Hidaya hajui kuimba. Mwenyewe anasema akiimba hata maharage yanagoma kuiva, na wanafunzi wake wanathibitisha.

Wa tatu alikuwa Abedi Shekalaghe, mwendesha baiskeli ya kubeba machungwa, na huyu alikuja mikono mitupu. Hakuwa na tuni, hakuwa na maneno. Wimbo aliusikia mara moja tu, harusini, akiwa na miaka kumi na tisa, na jina ndilo lililomkaa. Lakini tangu siku ile hakuacha hata wiki moja kupeleka kadi ya salamu redioni. Kila Jumapili mtangazaji aliisoma: Abedi Shekalaghe wa Muheza anawasalimu wote wanaomfahamu, anaomba "Sabuni ya Mche" wa Stumai Kibwana, na ujumbe wake unasema, kama haupo, utafuteni. Mtangazaji anacheka, anapiga wimbo mwingine. Mji mzima ukamwita Abedi Sabuni.

Siku ya Ijumaa wakakusanyika chumbani kwa Bi Mwanamvua. Kanda ikatoa tuni, daftari likatoa maneno, Stumai akavishona pamoja, akaimba:

"Mama kakata sabuni,
kila mtoto kapewa kipande;
cha mama kilikuwa povu
lililobaki mkononi."

Bi Mwanamvua akalia, na mimi nisingemcheka mtu aliyelia siku ile, maana walilia wote.

Kisha likaja suala la gitaa. Stumai akaomba kila mmoja aseme lake.

Mzee Mndolwa akasema, "Bila kanda yangu, daftari lisingekuwapo. Maneno yale yametoka dirishani kwangu. Mimi ndiye niliyetunza."

Bi Hidaya akasema, "Shikamoo yako mzee naiheshimu, lakini kanda yako umeiua mwenyewe. Mimi niliandika wakati wimbo ungali hai. Ningetegemea droo yako, leo mama angesikia nusu."

Abedi ikabidi asukumwe. Akasema, "Mimi sina kitu. Niliomba tu."

Hapo Bi Mwanamvua akainua mkono. Akasema hata yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuusahau wimbo ule. Ni yule kijana wa kadi aliyemkumbusha kila Jumapili kwamba aliwahi kuimbiwa. Bila kadi zile, asingeuomba, na kanda na daftari vingezikwa pamoja na wenyewe.

Wakamwomba basi mama aamue. Akasema, "Ijumaa ijayo nitasema." Ijumaa ijayo wakaja, wakapiga kanda, wakasoma daftari, Stumai akaimba, mama akasema, "Ijumaa ijayo." Ikawa hivyo Ijumaa tisa. Mzee Mndolwa akaanza kuja na halua. Bi Hidaya akaanza kuitikia kiitikio, kwa sauti ile ile, na hakuna aliyemnyamazisha. Abedi akawa anamletea mama machungwa na kummenyea.

Ijumaa ya kumi Stumai akamwambia mama kwamba kesho anarudi Dar, na ahadi ameitoa redioni, watu wanauliza, wengine wameanza kumwita mwongo. Bi Mwanamvua akamvuta karibu.

"Mwanangu, nikimtaja mmoja, wawili hawatakuja tena," akasema. "Na mimi nimekaa na redio peke yangu miaka mingi."

Lakini ahadi ni ahadi, na gitaa ni moja, halikatwi vipande kama sabuni. Mpaka sasa limeegemea miguuni mwa kitanda, na Stumai ameshika mpini wake, anawatazama wale watatu mlangoni.

Basi semeni ninyi. Aliyeutunza wimbo mpaka akauharibu, aliyeuandika asiweze kuuimba, na aliyeuomba miaka yote bila kuwa nao: je, nani alistahili gitaa? Na ukishamtaja, nani kati yenu atakwenda kuwaambia wale wawili, mama akisikia?