Jagi la Poza Roho

Wahenga waliosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumwonea wivu mgema. Walikuwa wamekwisha kunyweshwa maji. Walimsifu mtu kwa moyo mweupe, wakamwambia kazi yako ni nzuri, naye badala ya kushukuru kwa kuongeza bidii akawaona wajinga. Mtu wa namna hiyo hakosekani katika mtaa wowote. Katika jengo moja la ghorofa, lenye paa bapa na kamba za kuanikia nguo, mtu huyo alikuwa fundi bomba.

Fundi alikuwa na mikono mipana na funguo zilizolia mfukoni kila alipopanda ngazi. Aliishi ghorofa ya juu na mkewe. Mdogo wa kike wa mkewe alikaa chumba cha chini katika jengo hilohilo, na kwa kuwa alifanya kazi ya udobi, watu wote walimwita Dobi. Majira ya joto yalipofika na kuta zikawaka kama bamba la pasi, majirani walizoea kupanda paani jioni, kila mtu na kiti chake, wakapunga upepo.

Huko paani ndiko Fundi alikopeleka jagi lake la kwanza. Lilikuwa na mchanganyiko wa mvinyo mweupe na pombe kali ya tekila, na aliutengeneza kwa subira ya mtu anayetengeneza saa. Siku moja kabla, alikata machungwa na ndimu vipande vyembamba, akavimwagia tekila na asali kidogo, akavilaza kwenye friji mpaka asubuhi. "Matunda yanywe kwanza," alikuwa akisema. "Watu watakunywa kesho." Kesho yake alitia mvinyo uliopoa barabara na majani ya nanaa aliyoyapiga kofi viganjani ili yatoe harufu. Barafu ya maji hakutaka hata kuiona. Aligandisha mvinyo uleule kwenye visahani vya barafu, ndani yake zabibu, ili vipande vikiyeyuka viongeze ladha badala ya kuifukuza. Na kabla jagi halijatoka jikoni alionja kwa kijiko, akafumba macho, kisha akakamua ndimu nyingine au akaridhika.

Aliyekunywa glasi moja alihisi joto la mchana kutwa likimshuka mabegani. Kinyozi wa ghorofa ya kwanza, mtu mwenye maneno mengi kuliko nywele alizowahi kunyoa, ndiye aliyekibatiza kinywaji hicho Poza Roho.

"Fundi," alisema Kinyozi akilamba mdomo, "mabomba yamekupotezea muda."

"Hapana bwana," Fundi alijibu kwa haya. "Ni ndimu tu, zilikuwa nzuri."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwake kuzisifu ndimu.

Sifa zilimjia kutoka kila mlango. Aliitwa kwenye sherehe za kuzaliwa, za kuhamia nyumba, za kuagana kazini. Walimwita Profesa. Alipoingia mahali, watu walisogeza viti. Taratibu kichwa kikamvimba, na kichwa kilipovimba mkono ukalegea. Kwanza alikiacha kijiko. Kuonja, alisema, ni kwa wanaojifunza. Kisha akaacha kuyalaza matunda. Aliyakata mchana na kuyatia mchana huohuo. Visahani vya mvinyo akavitoa kwenye friza kwa kuwa vilimchelewesha.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja, "juzi lile jagi lilikuwa jepesi."

"Nani kasema?"

"Ulimi wangu."

"Ulimi wako umezoea chai," Fundi alisema, akijitazama kwenye kioo. "Watu hawanywi kinywaji, mke wangu. Wanakunywa jina."

Na kweli, watu waliendelea kusifu, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu bila kumtazama anayemsalimu. Laiti mmoja wao angemwambia ukweli. Lakini nani anapenda kumwambia Profesa kwamba somo limepooza?

Wakati huo Dobi alikuwa na shida yake. Mahali pa kazi alishinda katikati ya mashine za mashuka, ndani ya mvuke na harufu ya dawa za kung'arisha vitambaa, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukataa. Alikohoa akiwa amesimama, alikohoa akiwa amelala. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi: mvuke ule na mapafu yake havitakula sahani moja muda mrefu. Kuacha aliweza, lakini angekwenda wapi? Kitu kingine alichokijua ni kupika. Mikate yake midogo iliyojazwa nyama ilisifika kwa waliobahatika kuionja.

Mmoja wa waliobahatika alikuwa mama mwenye ukumbi wa sherehe, aliyeleta vitambaa vya meza kufuliwa. Alionja mkate mmoja pale kaunta, akaomba wa pili.

"Binti," alisema, "natafuta watu wa kunishikia ukumbi msimu wote wa joto. Chakula na kinywaji, mkono mmoja. Sitaki huku mpishi, huku mtu wa vinywaji, wanagombana mbele ya wageni. Nasikia yule wa Poza Roho ni shemeji yako."

"Ndiye, mama."

"Basi niandalieni Jumamosi nije kuonja. Nikiridhika, Jumatatu hutarudi kwenye huu mvuke."

Jioni hiyo Dobi alipanda ngazi akipumzika kila kituo. Alimkuta Fundi amekaa sebuleni, miguu juu ya kigoda.

"Shemeji, sijawahi kukuomba kitu."

"Omba. Hata ukitaka mwezi nitauwekea ngazi."

Dobi alimweleza yote. Kisha akasema, "Mimi sitafuti sifa, shemeji. Natafuta pumzi. Chakula nitajitahidi, lakini huyu mama anakuja kwa ajili ya jagi lako. Lifanye kama lile la kwanza."

"Nenda kalale," Fundi alisema. "Jagi langu halijawahi kumwangusha mtu, labda kwa kulewa."

Walicheka wote wawili. Dobi alishuka moyo ukiwa mwepesi.

Ijumaa alitoka kazini mapema, akanunua kila kitu mwenyewe: mvinyo mzuri, tekila nzuri, machungwa yenye ganda laini, ndimu, zabibu, nanaa mbichi. Alipofika juu alimkuta Fundi akifunga vifungo vya shati jipya, yuko njiani kwenda kwenye sherehe ya watu wengine.

"Si ulisema matunda hulazwa leo?" Dobi aliuliza.

"Yaache hapo. Nikirudi nitayalaza."

Hakuyalaza. Kibaya zaidi, sherehe ile ilipopungukiwa alituma mtu aje kuchukua chupa za Dobi, akazimimina kule karibu zote, akapigiwa makofi. Jumamosi mchana machungwa yalikuwa bado ndani ya mfuko, na nanaa imesinyaa kama majani ya kulishia mbuzi.

Dobi hakujua. Alikuwa chini kwenye jiko lake, jasho likimtiririka, akigeuza mikate na kukohoa kwenye kiwiko. Wakati huo Fundi aliingia jikoni kwake na mfuko wa barafu ya dukani begani. Aliimwaga ndani ya majagi makubwa. Akamimina mvinyo uliobaki, ukafika chini ya nusu. Akamimina tekila iliyobaki, ambayo haikutosha hata kumfanya mtu akunje uso. Kisha akafungua bomba, bomba alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaacha maji yajaze majagi mpaka shingoni.

"Wewe," mkewe alisema kutoka mlangoni, "ni mdogo wangu huyo unayemfanyia hivyo."

"Rangi si ipo?" Fundi alitandaza vipande vya chungwa juu, kama mtu anayefunika shimo kwa majani. "Wakisikia ni mimi, watakinywa."

Hakuonja. Kabla mkewe hajasema neno jingine, sauti zilisikika ngazini: mama mwenye ukumbi alikuwa amefika.

Paani palikuwa pamefagiliwa na kamba za nguo zimefunguliwa. Majirani walikaa kwa adabu kuliko siku zote, kwa sababu kila mmoja alijua kilichomleta mgeni. Dobi alileta sinia la mikate. Mgeni alikula, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akala tena. Dobi akahisi kifua kikifunguka kidogo. Kisha Fundi akatokea na jagi, amelibeba juu kama kombe la ushindi, akamimina glasi ya kwanza huku akitabasamu kushoto na kulia.

Mama mwenye ukumbi alikunywa funda moja. Akalishika mdomoni. Akameza. Akaitazama glasi kwenye mwanga.

"Hii ndiyo Poza Roho?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo hiyo yenyewe," Fundi alisema.

Kinyozi naye alikuwa amekunywa, na Kinyozi hakuweza kuuzuia ulimi wake hata siku ya mazishi. "Fundi," alisema, "leo umeunganisha bomba moja kwa moja kwenye jagi?"

Kicheko kilimponyoka mtu mmoja nyuma, kikazimika. Mgeni aliweka glasi chini, ikiwa bado imejaa karibu yote. Alimgeukia Dobi, na sauti yake haikuwa kali.

"Binti yangu, mikono yako ni mizuri. Lakini niliwaambia chakula na kinywaji, mkono mmoja. Na maji, ukumbi wangu unayo tayari."

Alishukuru, akaaga, akashuka. Waliokuwa paani walisikia hatua zake ngazi hadi ngazi, mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Dobi alisimama na sinia mkononi. Alikuwa mtu mpole, asiyejulikana kwa kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza. Aliweka sinia chini, akachukua glasi kubwa, akaijaza kutoka kwenye jagi mpaka pomoni, akampelekea shemeji yake.

"Kunywa."

"Shemeji, unajua joto la leo, barafu imeyeyuka haraka..."

"Kunywa kwanza. Utanieleza ukimaliza."

Fundi alitazama huku na huku. Hakuna aliyesogeza kiti. Alikunywa funda la kwanza, na la pili, na wote wakaona uso ukimshuka, kwa maana ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu alipokiacha kijiko, kuonja alichokuwa akiwanywesha watu.

"Joto," alinong'ona.

"Joto halikufungua bomba," Dobi alisema. "Chupa nilinunua mimi, ziko wapi? Matunda nilikuletea mimi, yamelala lini? Ungeniambia umechoka, ningemwomba yule mama siku nyingine. Ungeniambia hutaki, ningejua moja. Wewe uliniambia nikalale. Nikalala. Na Jumatatu mimi ndiye nitakayeamkia kwenye mvuke, si wewe."

Akakohoa, kwa muda mrefu. Kisha akawageukia na wengine. "Na nyinyi nyote. Siku zote hizi mnakunywa maji mnamwita Profesa."

Kinyozi aliinamia viatu vyake. Fundi alikuwa amenywea kama kifaranga kilichonyeshewa.

Jumatatu Dobi alirudi kwenye mashine zake. Ukumbi ulipata watu wengine. Fundi aliacha kualikwa, kwani maneno ya Kinyozi yalisafiri kuliko sifa zilivyowahi kusafiri, na kila alikopita watoto waliigiza sauti ya maji yakijaza jagi.

Jioni moja, joto likiwa bado halijapungua, dada yake Dobi alibisha hodi chumba cha chini. Alikuwa amebeba jagi dogo lililofunikwa kitambaa.

"Shemeji yako kakutengenezea. Ameyalaza matunda tangu jana. Nimemwona kwa macho yangu."

Dobi alilipokea jagi. Alichukua kijiko, akafunua kitambaa. Vipande vya mvinyo ulioganda vilielea, zabibu zikionekana ndani yake, na harufu ya nanaa ikajaza chumba. Akaonja. Ilikuwa Poza Roho yenyewe, ile ya jagi la kwanza, haikupungua hata tone. Ndipo hasira yake, iliyokuwa imeanza kupoa, ikawaka upya.

"Kumbe anajua," alisema. "Angekuwa hajui, dada, ningemsamehe leo hii. Anajua, na siku ile alifungua bomba."

Dada yake aligeuka kutazama mlango. "Amesimama hapo ngazini, anasubiri. Nikamwambie nini?"

"Mwambie nimekunywa."

"Na utamu?"

Dobi alichota kijiko cha pili, akakimeza polepole, akalifunika jagi.

"Ni tamu sana," alisema. "Ila usimwambie. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."