Wembe wa Mama wa Bondeni

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, hata ninyi mliokaa karibu na mlango mkitegea kutoka mapema. Mfano wa leo si mrefu.

Palikuwa na mwenyekiti mmoja wa kamati ya miti. Mnacheka, lakini kijijini kwao kamati ya miti ilikuwa na heshima kuliko kamati ya harusi. Chemchemi yao ilikuwa inakauka. Ndoo iliyokuwa ikijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako, sasa ungeweza kuuliza hali ya ukoo mzima na bado haijajaa. Wakakubaliana kupanda miti kwenye mteremko wote ulio juu ya chemchemi, kila kaya na mstari wake, na kila mstari na kijiti chenye jina la mwenyewe.

Siku ya kupanda akaja mgeni kutoka wilayani. Mwenyekiti wetu alitaka mstari wake uwe mrefu kuliko yote, na kweli akafanikiwa. Wenzake wakiwa nusu, yeye alishamaliza na anafuta jasho mbele ya mgeni. Wengine walipouona mwendo ule wakaufuata, wakapanda kama yeye anavyopanda. Mgeni akapiga makofi, akala pilau, akaondoka.

Mtu mmoja tu hakuwepo, mama aliyeishi bondeni na mama yake mzazi, ajuza aliyekuwa haamki kitandani. Huyu alikuja jioni, alipopata wa kumshikia mgonjwa, wenzake wameshatawanyika. Akapanda mstari wake taratibu, mche baada ya mche, kama mtu anayechambua mchele.

Miezi minne ikapita. Mvua ilikuwa nzuri, lakini miche ikaanza kunyauka. Ulitangulia mstari wa mwenyekiti, ukafuata wa pembeni yake, kisha mteremko karibu wote. Mingine ikakutwa imeng'olewa, imelala chini. Mvua ipo, udongo mzuri, miche inakufa. Mtu mwingine angejiuliza, kuna nini? Mwenyekiti hakuuliza kuna nini. Aliuliza, ni nani? Na mtu akishauliza ni nani, ndugu zangu, jibu halikosi.

Akaanza kulinda. Kila mchana aliketi juu ya jiwe, fimbo mapajani, macho mteremkoni. Siku ya tatu akawaona tumbili. Walishuka kutoka kwenye mkuyu mkubwa ulio nyuma ya nyumba ya yule mama, wakapita katikati ya mistari. Mmoja akashika mche mkavu, akauvuta, ukatoka, akautupa. Mwenyekiti akasema moyoni, kumbe ni hawa. Lakini moyo ulioingiwa na shaka haushibi tumbili. Tumbili hana kinyongo na mtu, kwa hiyo lazima yuko anayemtuma. Ndipo akautazama mstari wa yule mama. Ulikuwa wa kijani kibichi, kila mche umefika magotini.

Tangu hapo kila alichofanya yule mama kikawa ushahidi. Akisalimia, anajipendekeza. Asiposalimia, ana lake jambo. Akitupa maganda ya ndizi, anawalisha tumbili wake. Kwa nini alipanda peke yake, watu wamekwisha kuondoka? Mbona tumbili wanapita kwenye miche yake na haing'oki? Kisha mjumbe mmoja wa kamati akaja na neno lililomaliza kazi.

"Mwenyekiti, jioni ile mimi nilirudi kufuata jembe langu. Nikamkuta yule mama kachuchumaa kwenye miche, ana wembe mkononi."

"Wembe?"

"Wembe. Na aliponiona wala hakuuficha."

"Mtu akifika mahali pa kutoficha," mwenyekiti akasema, "ujue amezoea."

Mnacheka tena. Mangapi ya namna hiyo tumeyasema wiki hii, tena kwa sauti ya kunong'ona?

Kikao kikaitwa palepale mteremkoni. Mambo yalikuwa mawili: tumbili wawekewe sumu ndani ya ndizi, na yule mama atengwe. Mnajua maana ya kutengwa. Hakuna wa kumpa kaa la moto, hakuna wa kuitikia salamu yake. Na yule ajuza ndani siku akifumba macho, hakuna atakayekuja na jembe kuchimba kaburi. Yule mama alilijua hilo. Alisimama mbele ya watu akiwaza mama yake atamzika na nani.

"Mama, siku ya kupanda ulionekana na wembe," mwenyekiti akaanza. "Unakataa?"

"Sikatai, mwenyekiti. Ulikuwa wa kuchania viriba."

Viriba mnavifahamu, ile mifuko myeusi ya plastiki inayooteshewa miche. Mwenyekiti akawageukia watu huku akitabasamu.

"Mnasikia? Sisi tunaomboleza miche, mwenzetu anatuletea habari za viriba. Haya, na hao tumbili unaowalisha?"

"Siwalishi. Wanafuata matunda ya mkuyu. Wamekuwepo kabla yangu, na kabla yako."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akaona maneno yanamponyoka, akataka waone kwa macho yao jinsi mizizi ilivyokatwa na kutafunwa. Akaenda kwenye mstari wake, penye kijiti chenye jina lake, akainama, akashika mche mkavu, akauvuta mbele ya kijiji kizima.

Ukatoka bila ubishi. Mzizi haukukatwa wala kutafunwa. Ulikuwa ndani ya kiriba, kizima kama kilivyotoka kitaluni. Umejizungusha humo, mzunguko juu ya mzunguko, umetafuta njia ya kwenda udongoni mpaka ukachoka. Akavuta mche wa pili. Kiriba. Wa tatu, kiriba. Hapo akakumbuka. Bwana miti, siku aliyowagawia miche kitaluni, alisema chaneni kwanza, na yeye, kwa kumtazama mgeni, akawaambia waliomfuata nyuma, "Acheni tu, kitatunza maji, twendeni." Watu hawakumtazama yeye tena. Kila mmoja aligeuka kutazama mstari wake.

Katika mstari wote wa mwenyekiti ilibaki miche mitatu hai, na hiyo mitatu ndiyo aliyokuwa akijivunia. Akausogelea mmoja kama mtu anayetafuta wa kumtetea. Majani yake yalikuwa mapana. Kitaluni walipewa migrevilea mitupu, yenye majani yaliyochanika kama manyoya, na huu ulikuwa mkuyu.

"Huo hukuupanda wewe, mwenyekiti," yule mama akasema polepole. "Huo wamekupandia tumbili."

Niambieni, ingekuwa wewe ni yule mama ungefanya nini? Mimi nijuavyo moyo wangu, ningedai niombwe radhi hadharani, na mbuzi juu yake. Yeye alifungua fundo la khanga yake, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, akamwekea mwenyekiti kiganjani.

"Kuna ambayo haijafa," akasema. "Tuanze na ile miwili ya kwako. Ila tufanye haraka, mama hajanywa uji."

Ndugu zangu, sisi tunapanda sana. Tumepanda ndoa, tumepanda kwaya, tumepanda watoto na ujirani, na mara nyingi tumepanda kwa haraka kwa sababu mgeni anatazama. Kiburi chetu tulikizika pamoja na mche, hatukukichana, tukajiambia kitatunza maji. Leo ndoa inanyauka, tunamtafuta mama mkwe. Mtoto ananyauka, tunamtafuta mwalimu. Ujirani unanyauka, basi, yuko mtu anafuga tumbili. Na mnisikilize hapa: tumbili alikuwa aking'oa kilichokwisha kufa. Chenye mizizi kilimshinda. Aliyekuwa akiua miche ni mwenye fimbo, aliyekaa juu ya jiwe akilinda.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma. Humu ndani yuko mtu amemtenga mwenzake. Hakuna kikao kilichokaa, amemtenga kimyakimya tu, kwa neno aliloletewa na mtu aliyerudi kufuata jembe. Simtaji. Yeye anajijua, na aliyetengwa ameketi safu mbili nyuma yake, amekuja kuomba kwa Mungu yuleyule. Wewe unayejijua, uliwahi kumuuliza hata mara moja?

Jumamosi tunapanda miti hapa nyuma ya kanisa, mpaka kule kwenye vichaka vya tumbili. Najua maneno yameanza, nani ataachia mbuzi wake waitafune, nani hataki miti. Njooni na majembe, na njooni na nyembe. Na ukimwona jirani yako kachuchumaa kwenye miche, peke yake, ana wembe mkononi, usiite kikao. Chuchumaa karibu naye, umuulize anafanya nini.